Hoja yangu inaishia kwenye "mengineyo": nifanyeje iwe ajenda ya mkutano wa kijiji?

"Habari za kazi. Mimi ni mama, mkazi wa kijiji chenye vitongoji vitano. Mwaka 2016 mkutano mkuu wa kijiji ulitenga ekari 8 kwa ajili ya zahanati. Zahanati haijajengwa mpaka leo, na sasa familia tatu zinalima mahindi humo. Mojawapo ni ndugu wa mwenyekiti wa kijiji. Mara tatu nimesimama kwenye mengineyo kulieleza jambo hili. Mara ya kwanza mwenyekiti alisema limepokelewa, mara ya pili akasema muda umekwisha, mara ya tatu watu walianza kuondoka nikiwa bado naongea. Wengine wananiambia ajenda ni za mwenyekiti, tena mimi si mjumbe wa halmashauri ya kijiji, kwa hiyo ninyamaze. Vijana wanataka tukusanyike twende ofisini kwa kishindo. Nifanye nini ili jambo hili lijadiliwe na liamuliwe?"

Dada yangu, nafasi ya kusema umepewa mara tatu. Kinachokuchosha ni kwamba ukishasema, maneno yanabaki pale pale chini ya mwembe, na mkutano unaofuata unaanza kana kwamba hukuwahi kufungua kinywa. Jambo lako ni zito na lina mahali pake katika utaratibu wa kijiji. Limekuwa likiingilia mlango usiofaa.

Kwanza hilo la kwamba ajenda ni za mwenyekiti: si kweli. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye mamlaka ya juu katika mambo ya kijiji, na wajumbe wake ni wakazi wote waliotimiza miaka 18. Wewe ni mjumbe wa mkutano huo sawasawa na mwenyekiti. Yeye anaongoza kikao, mtendaji wa kijiji ndiye katibu, na orodha ya ajenda hupitia halmashauri ya kijiji kabla ya kubandikwa kwenye ubao wa matangazo. Ila kuna upande wa pili ambao lazima nikueleze: kuwa na haki ya kusema mkutanoni hakumaanishi kwamba kila jambo linaloibuliwa papo hapo ni lazima liamuliwe siku hiyo hiyo. Hapo mwenyekiti akikwambia "limepokelewa" hajavunja sheria. Kosa linakuja pale ambapo lililopokelewa halionekani tena.

Mengineyo yamewekwa mwisho kwa ajili ya matangazo na mambo madogo: ng'ombe aliyepotea, siku ya chanjo, bomba linalovuja. Ikifika saa hiyo jua limeshapanda, kina mama wanawaza jikoni, na nusu ya watu wameshajipangusa vumbi. Mtendaji hana karatasi yoyote mbele yake kuhusu jambo lako, kwa hiyo hata mwenye nia njema hawezi kujibu. Tena kuna hatari ambayo watu wengi hawaioni: hata ungeshinda kwenye mengineyo, ungepata azimio dhaifu. Wale wanaolima wangesema, na wangekuwa na hoja, kwamba ardhi wanayoitumia imejadiliwa bila wao kujua kuwa ingejadiliwa. Azimio la ardhi lililopitishwa wakati watu wanaondoka ni rahisi sana kupingwa.

Milango ya kweli ni mitatu, na ningekushauri uitumie yote.

Mlango wa kwanza ni halmashauri ya kijiji. Hukaa kila mwezi. Mkutano mkuu hukaa angalau kila baada ya miezi mitatu. Kwa hiyo hesabu kurudi nyuma. Tuseme mkutano mkuu utafanyika mwishoni mwa Juni. Kikao cha halmashauri cha mwanzoni mwa Juni ndicho kitakachopanga ajenda, na kikao cha Mei ndicho chenye nafasi ya kulichambua jambo lako na kuagiza taarifa iandaliwe. Barua yako basi iwe mezani kwa mtendaji mwishoni mwa Aprili. Ukiipeleka wiki ya mkutano mkuu, utajibiwa kwamba ajenda zimeshapangwa, na litakuwa jibu la haki. Kumbuka pia kwamba mwenyekiti wa kitongoji chako ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji. Mpe nakala, kaa naye, mweleze. Kama kitongoji kinaweza kukutana kwanza na kulikubali jambo hilo, ataingia kikaoni akisema "kitongoji changu kinaomba", na hilo lina uzito kuliko jina lako peke yako.

Mlango wa pili ni muhtasari wa mkutano uliopita, na naona huu ndio uliokupita. Kila mkutano huanza kwa kusoma muhtasari na kuuthibitisha, halafu yanakuja yatokanayo. Watu wengi hutumia muda huo kusalimiana. Wewe sikiliza neno kwa neno. Maneno yako ya mkutano uliopita yameandikwa? Kama hayapo, nyoosha mkono kabla muhtasari haujathibitishwa: "Mwenyekiti, kwenye mengineyo niliuliza kuhusu eneo la zahanati na ulijibu kuwa limepokelewa. Naomba liingizwe kwenye muhtasari." Hapo huombi mjadala, unaomba kumbukumbu irekebishwe, na ni vigumu sana mtu kukukatalia. Likishaandikwa, kwenye yatokanayo una haki ya kuuliza limefikia wapi. Jambo lililokuwa la mwisho limehamia mwanzoni mwa kikao, watu wakiwa bado wamekaa.

Mlango wa tatu uko kwenye sheria yenyewe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kifungu cha 8, inaitaka halmashauri ya kijiji itoe taarifa ya usimamizi wa ardhi katika kila mkutano mkuu wa kawaida na izingatie maoni ya wanakijiji. Inasema vilevile kwamba halmashauri haiwezi kugawa ardhi ya kijiji bila idhini ya mkutano mkuu kwanza. Sababu ni kwamba halmashauri ni mdhamini: imekabidhiwa ardhi iitunze kwa niaba yenu. Kwa hiyo taarifa ya ardhi si zawadi mnayopewa mwenyekiti akipenda. Ikiwa kwenye mikutano yenu haisomwi, uliza kwa upole kwa nini haisomwi, na uombe iwe ajenda ya kudumu. Nalipenda ombi hili kwa sababu halimgusi mtu yeyote kwa jina, na likikubaliwa litawafaa hata baada ya suala la zahanati kwisha.

Kabla hujaandika barua, tafuta ushahidi. Nenda ofisini umwombe mtendaji akuoneshe muhtasari wa mkutano wa 2016. Nakili tarehe, namba ya ajenda na maneno ya azimio kama yalivyo. Angalia hasa: eneo lilitajwa liko wapi, linapakana na nini, na je, ni "litengwe kwa ajili ya zahanati" au "linapendekezwa"? Neno moja hapo linabadilisha kila kitu. Muhtasari ukikosekana, uliza kama nakala ilipelekwa kwa mtendaji wa kata au halmashauri ya wilaya. Kama kijiji kina mpango wa matumizi bora ya ardhi, ramani yake itaonesha maeneo ya huduma za jamii. Tafuta pia wazee wawili watatu waliokuwapo siku hiyo, uandike wanachokumbuka.

Kisha jua ukubwa wa eneo. Kwa kipimo tunachotumia vijijini, ekari moja ni hatua 70 kwa 70, hivyo ekari 8 zilizokaa kama mstatili zinaweza kuwa hatua 140 kwa 280. Afisa ardhi atakutajia hekta: ni kama hekta 3.2. Tembea pembeni tu, usikanyage mahindi ya mtu wala kung'oa kitu. Ukienda na mwenyekiti wa kitongoji ni bora zaidi. Unaweza kukuta kinacholimwa ni ekari 3 tu na nyingine ni pori, na ni vizuri ulijue hilo wewe kabla hujaambiwa na wao mbele ya watu.

Uliza pia, bila shari, familia zile ziliingiaje. Huenda waliruhusiwa kulima kwa muda eneo lisigeuke kichaka. Huenda walijiingiza wenyewe. Huenda halmashauri iliwagawia bila mkutano mkuu, na hilo ndilo zito kuliko yote. Hayo ni mambo matatu tofauti na kila moja lina dawa yake, kwa hiyo usiingie mkutanoni ukiwa umeshahukumu.

Sasa barua. Hoja moja, swali moja, uamuzi mmoja unaoombwa. Ukiandika kichwa kama "Ufisadi wa ardhi ya zahanati na uongozi mbovu", umeshampa mwenyekiti sababu ya kujitetea, na yeye ndiye atakayeongoza mjadala. Watu watagawanyika, wengine upande wake na wengine upande wako, na ekari 8 zitasahaulika. Usitaje familia kwa majina, na undugu wao na mwenyekiti usiuandike. Kijiji kizima kinaujua. Andika hivi:

"Kwa Mtendaji wa Kijiji. YAH: Ombi la ajenda katika mkutano mkuu wa kijiji wa mwezi Juni – hali ya eneo la ekari 8 lililotengwa kwa zahanati. Mkutano mkuu wa mwaka 2016 (tarehe na namba ya ajenda) ulitenga eneo hili kwa ajili ya zahanati. Kwa sasa sehemu ya eneo inalimwa mahindi na mipaka yake haionekani. Naomba mkutano upokee taarifa ya halmashauri ya kijiji kuhusu nani wanatumia eneo hilo na kwa ruhusa ya kikao kipi, kisha uamue namna ya kulilinda."

Chini yake weka azimio unalopendekeza, halafu jina, kitongoji, tarehe na sahihi yako. Wakipatikana wakazi wengine kumi au ishirini wa kusaini, watoke vitongoji tofauti. Sahihi za ukoo mmoja zitaonekana ni ugomvi wa familia. Andika nakala mbili. Moja mwachie mtendaji, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, urudi nayo nyumbani. Akisema muhuri haupo, aandike "nimepokea", tarehe na sahihi. Bila hiyo, barua yako ni kama haikuandikwa.

Kuhusu azimio, usiombe tu "hatua zichukuliwe". Azimio lisilosema nani afanye nini na lini huisha pale pale linaposomwa. Mfano: "Mazao yaliyopo shambani yavunwe na wenyewe, baada ya mavuno mtu yeyote asilime, halmashauri ya kijiji iweke alama za mipaka kabla ya Agosti 31, mtendaji atoe taarifa ya utekelezaji katika mkutano mkuu ujao." Tarehe hiyo nimeiweka kwa kuwa, kama kwenu mnalima msimu mmoja, watu huanza kuandaa mashamba baada ya hapo. Alama za mipaka zikikuta jembe limeshaingia, mmepoteza mwaka mzima.

Kwa nini wavune kwanza? Kung'oa mahindi ya mtu kunageuza kesi: kuanzia siku hiyo yeye ndiye mlalamikaji na kijiji ndicho mharibifu. Njia nyingine ni kukodisha eneo mpaka ujenzi uanze, fedha ziingie mfuko wa kijiji kwa stakabadhi. Ina faida: eneo halirudi pori, na wakulima hawageuki maadui. Hasara yake ni kwamba anayelima miaka mitatu mfululizo huanza kuliita "shamba langu". Mkichagua kukodisha, iwe kwa msimu mmoja mmoja kwa mkataba wa maandishi, nafasi itangazwe kwa wote na si kwa familia tatu tu, na ipigwe marufuku kupanda mazao ya kudumu: migomba, miembe, minazi. Mti uliopandwa leo ndio utakaodaiwa fidia kesho. Kwa eneo lenye mvutano kama lenu, mimi ningependelea lisilimwe kabisa na liwekewe mipaka. Lakini uamuzi ni wa mkutano.

Jambo moja litakalokupa nguvu: uliza ofisi ya Mganga Mkuu wa wilaya, kupitia mtendaji au diwani, zahanati hiyo iko kwenye mpango gani. Eneo lililokaa miaka bila dalili ya ujenzi ni gumu kulitetea, kwa sababu kila mtu anaona ardhi imelala. Ukija na jibu, hata la kwamba kijiji kianze na msingi na matofali kwa nguvu kazi, mjadala unatoka kwenye "nani kalima" na kuingia kwenye "tunaanza lini". Hapo hata ndugu wa mwenyekiti atashindwa kusimama kupinga, maana naye ana watoto wanaougua.

Siku ya mkutano nenda mapema, kaa mbele. Tangazo likiwa limebandikwa bila ajenda yako, usisubiri mengineyo. Mwenyekiti anapouliza kama wajumbe wanaafiki ajenda zilizosomwa, hapo ndipo mahali pako: "Mwenyekiti, tarehe fulani niliwasilisha ombi la ajenda, nakala iliyopokelewa ninayo hapa. Naomba mkutano uiongeze kabla haujaafiki." Awepo mtu wa kitongoji kingine aliyejiandaa kusema "naunga mkono". Zamu yako ikifika, sema kwa dakika tatu tu: azimio la 2016 lilisemaje, hali ikoje leo, unaomba nini. Soma, usitegemee kichwa. Hasira hula maneno. Wengine wanne watano wachangie baada yako, wanaume kwa wanawake, kila mmoja na jambo jipya. Ukizomewa, nyamaza hadi kelele zipungue, kisha urudie sentensi yako ya mwisho. Usijibu mtu mmoja mmoja, mwelekee mwenyekiti.

Kwa kuwa mwenyekiti ana ndugu ndani ya jambo hili, ni haki kumwomba ampishe mjumbe mwingine aongoze ajenda hiyo moja. Ombi hilo mpelekee siku chache kabla, faraghani, ikiwezekana kupitia mzee anayemheshimu. Mtu akipewa nafasi ya kujiondoa kwa heshima, mara nyingi huitumia. Akiaibishwa hadharani atang'ang'ania kiti. Baada ya uamuzi, omba mikono ihesabiwe na mtendaji asome azimio kwa sauti kabla ya kuingia ajenda inayofuata.

Kuhusu vijana na kishindo chao: wazuie, dada. Nguvu yao naielewa, lakini kundi likiingia ofisini, siku hiyo habari ya kijiji itakuwa fujo na si zahanati, na atakayeitwa polisi kwanza ni mtoto wa mtu. Wapeni kazi ya kupima eneo na kuwahimiza watu wahudhurie. Mkutano ukikosa akidi, kila ulichoandaa kitaahirishwa, kwa hiyo idadi ya watu ni kazi ya maana kabisa.

Yapo mambo ambayo karatasi hii haitayamaliza, na hapo utahitaji mtu wa kukaa nawe ana kwa ana. Familia mojawapo ikidai ardhi ni yake, ya urithi au kwa hati ya haki miliki ya kimila, mkutano mkuu si mahakama na usijaribu kuwa. Jambo linaanzia usuluhishi katika Baraza la Ardhi la Kijiji, na likishindikana hupanda hadi Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kabla ya kufika huko tafuta msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa. Wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na ofisi ya halmashauri ya wilaya inaweza kukuelekeza walipo. Mipaka ikibishaniwa, aitwe afisa ardhi wa wilaya, msipige kamba wenyewe. Miezi mitatu ikipita bila mkutano mkuu, au barua yako ikikaliwa vikao viwili, andika kwa mtendaji wa kata, nakala kwa diwani, na baadaye kwa mkurugenzi mtendaji wa halmashauri ya wilaya. Na kama itaonekana halmashauri ya kijiji yenyewe haiisimamii ardhi inavyopaswa, kifungu kile kile cha 8 kinawapa wanakijiji wasiopungua 100 nafasi ya kulalamika kwa pamoja kwa halmashauri ya wilaya, nayo inapaswa kushughulikia. Ukitishiwa, hata kwa utani, mwambie mtu unayemwamini siku hiyo hiyo, toa taarifa polisi, na usitembee peke yako kwenda kupima eneo.

Azimio likipita, rudi ofisini baada ya siku chache uombe kusoma rasimu ya muhtasari. Linganisha na ulichoandika kwenye daftari lako siku ile: tarehe ya Agosti 31 ipo, "halmashauri ya kijiji iweke alama" haijageuka kuwa "eneo liangaliwe", na idadi ya mikono iliyohesabiwa imeandikwa. Kikikosekana kitu, mwoneshe mtendaji hapo hapo, kabla muhtasari haujapigwa chapa.